Muulize Fundi wa Bwawa: Pampu Yanguruma, Maji Hayaji

SWALI: Assalaam aleikum Fundi, na shikamoo. Mimi ni mtunzaji wa nyumba ya Mtaliano hapa Malindi, upande wa Casuarina, huu mwaka wa sita. Bwawa letu lina urefu wa mita 10, upana mita 5, na kina cha mita moja na nusu kwa wastani. Tangu mvua za vuli zianze, maji yanayorudi bwawani yamekuwa manyonge. Zamani ukiweka kiganja mbele ya tundu la ukutani, mkono unasukumwa. Sasa ni kama koki ya jikoni iliyofunguliwa nusu, tena yanakuja na mapovu ya hewa. Mpira wa kufyonzea uchafu hauvuti tena. Geji ya mgandamizo wa maji juu ya chujio inasoma bar 0.3, na nakumbuka ilikuwa ikikaa 0.8. Wiki hii nimeosha chujio mara tatu, sikuona nafuu. Fundi aliyekuja alisikiliza mota kama dakika mbili, akasema pampu imekwisha, inunuliwe nyingine. Tajiri anafika katikati ya Desemba, na nikimtajia pampu mpya ataniuliza nilikuwa wapi. Nisaidie.
Mtunzaji, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, na marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Usinunue pampu bado. Umeniandikia mambo mawili ambayo huyo mwenzangu angeyatazama, neno pampu mpya lisingemtoka: geji imeshuka, na maji yanarudi na hewa.

Geji ile imekaa juu ya chujio, yaani maji yakishatoka kwenye pampu lakini hayajapita kwenye mchanga wa ndani ya chujio, ule unaonasa uchafu. Basi isome hivi. Ikipanda kuliko kawaida yake, maji yanafika lakini hayapiti: mchanga umeshiba uchafu, au kuna koki ya kurudishia iliyofungwa nusu. Ikishuka chini ya kawaida yake, maji hayafiki. Yamekwama mahali kati ya bwawa na pampu, au ndani ya pampu yenyewe. Yako imeshuka kutoka 0.8 hadi 0.3, kwa hiyo chujio halina kosa, na ndiyo sababu kuliosha mara tatu hakukukufaa. Uache kuliosha. Pampu inayosukuma mita 10 za ujazo kwa saa hutoa zaidi ya lita 160 kila dakika, na dakika tatu za kuosha ni karibu lita 500 zinazokwenda bustanini. Hapa kwetu, maji yawe ya mfereji au ya bauza, sote twajua yanavyopatikana. Chujio huoshwa geji inapopanda kiasi cha nusu bar hivi juu ya kawaida yake, si kila unapoona mambo hayaendi.

Lakini kabla hujaiamini geji, ijaribu. Zima pampu uangalie mshale. Ukirudi sifuri, ni mzima. Ukibaki palepale, geji imekufa, na geji za pwani hufa mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi. Ukiigonga kidogo kwa kidole na mshale ukaruka, pia usiiamini. Geji mpya ni kitu kidogo sana ukilinganisha na pampu, na fundi anayetaja pampu kabla hajaitazama geji anapiga ramli tu.

Sasa twende na maji kwa njia yao, tangu yanapoondoka bwawani. Usirukie mbele, hata kama una hakika umeshajua.

Anza na usawa wa maji. Yanatakiwa yafike katikati ya mdomo wa skima, kile kisanduku cha ukutani kinachovuta maji ya juu ya bwawa. Yakiwa chini ya hapo, skima inakunywa hewa pamoja na maji, na mapovu unayoyaona ndiyo hayo. Mvua imenyesha, najua, lakini vuli ya Malindi hunyesha usiku mmoja kisha ikakuacha na wiki nzima ya jua na upepo, na bwawa kupungua nusu sentimita kwa siku si jambo la ajabu. Mtu aliye hapo kila siku haoni yakishuka. Weka alama kwenye kigae. Kisha tazama kijilango cha skima, kile kinachochezacheza mdomoni. Kikikwama kimesimama, maji ya juu hayaingii vizuri, hata bwawa likiwa limejaa.

Toa kikapu cha skima ukioshe. Kwenye mtaa wenu sina shaka utakuta majani ya mvinje, maana jina la mtaa ndilo jina la mti huo kwa Kizungu. Majani yale ni membamba kama sindano, hupenya vitundu vya kikapu na kulala nje yake, kwa hiyo kikapu utakiona kisafi na huku chini yake pameziba. Tia mkono humo chini. Fanya hivyo hivyo kwa kikapu cha pampu, na kitazame kwa mwangaza kama kina ufa. Nitarudi kwenye ufa huo.

Ukishaosha vikapu na kujaza bwawa, jaza maji kwenye nyumba ya kikapu cha pampu, funga kifuniko, washa, halafu piga magoti mbele ya kile kifuniko cha kioo cha plastiki. Usiharakishe, kaa dakika tano. Pampu nzima, baada ya dakika moja au mbili, huwa imejaa maji mpaka kwenye kifuniko, imetulia, labda na kiputo kimoja viwili. Pampu inayovuta hewa utaiona: maji yanazunguka chini, juu yake pana nafasi tupu kama birika lililojaa nusu, na mapovu yanakimbia kuelekea kwenye mota. Kwa maelezo yako, naamini hilo ndilo utakaloliona.

Hewa hiyo mara nyingi huingia hapo hapo mbele ya macho yako, kwenye oringi ya kifuniko, ule mpira wa duara unaokiziba. Itoe uipitishe kidole pande zote. Ikiwa imelala bapa upande mmoja, au imepasukapasuka kama ngozi ya kisigino, ibadilishe. Ikiwa nzima, ioshe, futa na mfereji inamokaa, maana punje moja ya mchanga inatosha kuingiza hewa. Ipake grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya kujipaka usiyatumie, hata kama umewaona mafundi wakiyatumia: yanavimbisha mpira, na baada ya miezi michache oringi haikai tena.

Oringi ikiwa salama, endelea nyuma yake: maungio ya bomba linaloingia pampuni, yunioni (yale maungio yanayofunguka kwa kuzungushwa), shingo za koki. Pampu ikiwa inafanya kazi, mwaga maji kwa kikombe juu ya ungio moja, ungoje, uende jingine. Ukifika penye kosa, ufa utavuta maji badala ya hewa, na yale mapovu kwenye kioo yatapungua papo hapo. Wengine hupaka povu la kunyolea na kutazama panapodidimia. Yote sawa, lakini kikombe cha maji hakinunuliwi. Na ikiwa pampu yenu iko chini ya usawa wa maji ya bwawa, kazi ni nyepesi zaidi. Izime tu, kwani pale panapovuta hewa ikiwaka ndipo patakapodondosha maji ikizimwa.

Angalia kwa makini zaidi kile kipande cha bomba chenye nyuzi za skurubu kinachokazwa kwa kuzungushwa moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Kama pampu iliwahi kuachwa ikizunguka kavu, kwa mfano umeme umerudi usiku na bwawa lilikuwa limeshuka, joto la ndani hulegeza plastiki hiyo, ikipoa inakuwa imenywea. Kwa macho iko sawa, ila hewa inapita kwenye nyuzi hizo. Kuikaza zaidi hakusaidii. Inakatwa, inawekwa mpya.

Kama bado hujapaona, tenganisha mabomba. Una njia mbili za kuvutia, moja ya skima na moja ya sakafuni. Funga ya skima, acha ya sakafuni peke yake, utazame kioo. Mapovu yakiisha, kosa liko kwenye njia ya skima. Yakibaki vile vile, geuza. Usizifunge zote mbili kwa pamoja, pampu itajikaba. Na hapa naomba unisikilize sana: wakati unajaribu hivi, bwawani asiwemo mtu, awe mtoto wa jirani au mgeni. Pampu inapovuta kwa tundu moja la sakafuni, mvuto wake unaweza kunasa nywele au kiungo cha mtoto akashindwa kuinuka. Tazama pia kama kifuniko cha tundu hilo kipo na kimekazwa. Kama hakipo, hilo ndilo la kushughulikia leo, kabla ya mengine yote niliyoandika.

Tukiwa tumemaliza upande wa hewa na maji bado ni manyonge, tunaingia ndani ya pampu, na hapa ndipo narudi kwenye ufa wa kikapu. Mbele ya mota kuna impela, kigurudumu chenye mapezi, na njia za maji kati ya pezi na pezi ni nyembamba, kidole chako hakipiti. Kokwa ya mwarobaini hupita kwenye kikapu kilichopasuka, ikafika hapo ikakaa. Ya pili ikaja ikakaa nyuma yake. Mwaka juzi niliifungua pampu moja upande wa Silversands, na kati ya njia zake sita, nne zilikuwa zimezibwa: kokwa tatu za mwarobaini, na kibanio cha nywele cha msichana kilichojisokotea nyuzi za makuti mpaka kikawa kama kizibo cha chupa. Mota ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa imenunuliwa miezi miwili nyuma kwa sababu ile ya zamani "imechoka," na kikapu kile kile chenye ufa kikarudishwa ndani ya pampu mpya.

Kuisafisha si kazi ya kutisha. Zima swichi kubwa ukutani, si ile ya saa ya kuwashia pampu peke yake, kwa sababu saa inaweza kuwasha pampu na mkono wako umo ndani. Fungua kifuniko, toa kikapu, ingiza vidole kwenye koo nyuma yake uguse mapezi. Waya wa hanga uliokunjwa ncha hutoa vingi. Ukishindwa kufikia, fungua skurubu zinazoshika mota na mwili wa pampu, uivute nyuma, impela utaiona. Ukiirudisha, futa oringi kubwa iliyopo katikati, na kaza skurubu kwa kupishana, kama nati za gurudumu la gari.

Nakuandikia kwa urefu huu kwa sababu mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kumnunulisha mtu pampu asiyoihitaji. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyejenga kijibwawa kwa ajili ya wajukuu. Nilisikia mota inanguruma, nikaona maji madogo, nikasema pampu. Tulipofunga mpya, maji yakaja madogo vile vile. Nilisimama pale na ile ya zamani mkononi, sina la kusema. Kosa lilikuwa kipande cha plastiki cha mfuko wa unga, kimelala kwenye goti la bomba chini ya skima. Nilimrudishia ujira wangu, lakini pesa ya pampu sikuwa nayo. Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla sijasoma geji na kupiga magoti mbele ya kile kioo.

Kuhusu tajiri, mwandikie leo, usingoje afike. Piga picha ya geji ikisoma 0.3, na video fupi ya kioo cha pampu na mapovu yake. Ukishapata kosa, piga picha ya oringi iliyopasuka au hizo kokwa kiganjani, kisha geji tena. Mtu aliye mbali anachoogopa ni kutoona. Akiona geji imetoka 0.3 ikarudi 0.8, hatakuuliza ulikuwa wapi.

Na uwahi. Bwawa lako ni mita 75 za ujazo. Kwa pampu ya mita 10 kwa saa, maji yote hupita mchangani kwa saa saba na nusu. Mkondo ukipungua nusu, utahitaji saa kumi na tano kwa kazi ile ile, na ukiendelea kuwasha kwa muda wa saa nane kama kawaida, karibu nusu ya kazi haifanyiki. Klorini unayotia inabaki upande mmoja, ukijani unaanzia kwenye kona isiyofikiwa na mkondo, kisha unatia dawa zaidi na zaidi na maji hayatakati. Kwa joto la kaskazi hilo ni jambo la siku chache tu.

SWALI: Fundi, hujambo. Nina nyumba ya wageni Shela, Lamu. Pampu ya bwawa imewekwa juu kidogo ya bwawa, kwenye kipenu cha ngazi. Kila asubuhi haivuti mpaka tuijaze maji kwa ndoo mbili. Ikishavuta inafanya kazi vizuri hadi jioni. Nimeambiwa nitie valvu ya kuzuia maji kurudi. Je, ndiyo dawa?
Mama wa Shela

JIBU: Sijambo, dada yangu. Ni nusu ya dawa.

Pampu iliyo juu ya maji, ikizimwa, maji ya kwenye bomba hutamani kurudi bwawani. Yanachokosa ni hewa ya kuyaachia, kama vile unavyoziba mrija kwa kidole na maji yakaning'inia ndani. Yakirudi usiku, maana yake kuna mahali kidole hakijaziba. Valvu itayazuia, ndiyo, lakini kitundu cha hewa kitabaki, na mwaka ujao kitakuwa kimekua mpaka pampu inavuta hewa hata mchana. Kwa hiyo tafuta kwanza kitundu: oringi ya kifuniko, maungio, kama nilivyomweleza ndugu wa Malindi hapo juu. Halafu weka na valvu.

Uliza pia jinsi bomba lilivyolazwa. Nyumba za Shela kuta zake ni nene za mawe, na mafundi hawapendi kuzitoboa, basi bomba hupandishwa likaruka ukuta kisha likashuka kwenye pampu. Mgongo ule hukusanya hewa na hautoki. Bomba la kuvutia linatakiwa lipande kidogo kidogo kuelekea pampuni bila kushuka popote njiani. Kama lako lina mgongo, kutoboa ukuta mara moja ni nafuu kuliko ndoo mbili kila alfajiri.

Ukifunga hiyo valvu, chagua yenye kifuniko cha juu kinachofunguka. Mchanga wa vilima vyenu ni laini na unapeperuka mpaka ndani ya skima, na punje chache chini ya ulimi wa valvu zinatosha kuuacha wazi. Lazima uweze kuufikia na kuufuta.

SWALI: Mzee, tuna hoteli ndogo Mambrui. Pampu yetu ni kubwa, ya umeme wa fezi tatu. Wiki mbili zilizopita fundi wa umeme alihamisha boksi la swichi. Tangu siku hiyo maji ni madogo, na mota inapiga kelele za ajabu. Vikapu ni visafi, hewa hakuna, geji iko chini. Tumefungua impela, haina kitu.
Meneja, Mambrui

JIBU: Mota yenu inazunguka kinyume. Waya mbili zilipishana wakati wa kuhamisha boksi. Watu wengi hudhani pampu ikizunguka kinyume itavuta kutoka upande wa pili, lakini pampu za aina hii husukuma maji upande ule ule hata impela ikigeuka, ila kwa unyonge na kelele. Ndiyo maana hamkulishuku.

Tazameni mgongoni mwa mota, kuna mshale uliochorwa au kubandikwa. Washeni sekunde mbili, zimeni, na mtazame feni ya nyuma inapopunguza mwendo inaelekea wapi. Ikipingana na mshale, mwiteni yule yule fundi wa umeme, azime swichi kubwa, abadilishane waya mbili zozote kati ya zile tatu. Ni kazi ya robo saa. Msimruhusu kujaribu waya zikiwa na moto.

Kabla ya kuwasha tena, fungueni pampu mara nyingine mshike impela kwa mkono. Baadhi ya impela hufungwa kwenye shafti kwa kuzungushwa kama skurubu na kukazwa na mzunguko wa kawaida, na wiki mbili za kwenda kinyume huweza kuilegeza. Ikicheza, ikazeni. Kisha washeni, subirini maji yatulie, na geji itakachosoma kiandikeni kwa rangi ukutani, kando ya swichi, pamoja na tarehe.